MDADA WA RUANGWA AKATAA BUTI ZA "SHEMEJI", APANDA KILIMANJARO NA ZA MTUMBA

Wanaofuatilia kurasa za Instagram za watu wa kusini watakuwa wanamkumbuka mdada mmoja wa Ruangwa aliyeweka picha mbili kwenye posti moja Desemba iliyopita. Picha ya kwanza, buti nyeupe mpya kabisa, bado zina karatasi ndani. Picha ya pili, buti za kijivu za mtumba zenye mikwaruzo puani. Chini akaandika maneno manne tu: "Za picha. Za mlima."

Weee! Komenti zikawa vita. Nusu ya watu walimtetea shemeji aliyetoa zawadi. Nusu nyingine walisema mdada ana akili. Wengine hata hawakujua kinachobishaniwa, walikuja kuuliza buti nyeupe zinauzwa bei gani. Kilichowapita wengi ni kwamba ugomvi ule haukuwa wa mapenzi peke yake. Ulikuwa wa miguu, wa hela ya mabati, na wa mlima wa mita 5,895.

Majina hayatatajwa hapa, si la mdada wala la jamaa. Mkasa wenyewe unatosha.

Hela ilitoka wapi

Mdada ana miaka 25. Ni wakala wa pesa pale Ruangwa mjini, kimeza chake na mwavuli wake, kutwa yuko juu ya miguu. Jumapili anapanda vilima vya karibu na nyumbani, anajirekodi, anaposti. Ndivyo alivyopata wafuasi, na ndivyo kundi la vijana wa Dar lilivyomwona na kumwalika kupanda Kilimanjaro wiki ya Uhuru, kupitia njia ya Machame, kwa malipo ya kidogo kidogo.

Sasa hela. Nyingine ilikuwa akiba ya uwakala. Nyingine ilitoka kwenye ufuta wa mama yake uliouzwa kwenye mnada wa RUNALI, chama kikuu kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Hela ile mama alishaipangia kazi: mabati ya nyumba. Mama hakugoma, ila alisema neno moja ambalo mdada anasema lilimkaa kichwani mlima mzima: "Nenda. Lakini usije ukaniambia umerudi njiani kwa sababu ya viatu."

Boksi likaja na basi

Jamaa yake yuko Dar, ana wafuasi wengi, watu wanamwita shemeji hata wasiomjua. Wiki tatu kabla ya safari akatuma boksi kwa basi. Ndani buti nyeupe, soli nene kama tofali, kamba za dhahabu. Kali kwa kweli. Ombi lake lilikuwa moja: afungue boksi mbele ya kamera, avae, aitaje akaunti ya duka.

Mdada kabla hajarekodi akazipeleka kwa mjomba wake, fundi viatu. Huyu mzee ni mtu wa Nachingwea, ameshona viatu tangu ujana wake, na kazi aliijulia kwenye mabuti ya vijana wa JKT waliokuwa wakimletea soli zilizobanduka. Na kwa Wamwera mjomba si mtu wa kupita tu. Neno lake lina uzito.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Simpo imekatika tena?"

Akamtolea zile buti. Mzee hakusema nzuri wala mbaya. Akazikunja, akaingiza mkono ndani, akanusa gundi.

"Umenunua au umepewa?"

"Nimepewa, mjomba."

"Haya. Huyo aliyekupa aliuliza mguu wako namba ngapi?"

Kimya.

"Basi rudi jioni ukishafunga kazi. Uje na soksi nene."

Kwa nini jioni?

Hapa ndo wengi wanakosea. Mguu wa asubuhi na mguu wa jioni si mmoja. Ukishinda umesimama mguu unavimba kidogo, na ukitembea siku nzima mlimani ndo kabisa. Kiatu cha mlima kinajaribiwa jioni, na soksi utakazopandia, siyo soksi za shule.

Mdada anavaa namba 39 kwenye simpo, na buti nyeupe zilikuwa 39. Jioni ile, akiwa na soksi nene, mjomba akamwambia apande kijilima cha mchanga pembeni ya kibanda kisha ashuke. Kupanda, hakuna shida. Kushuka, vidole vikagonga mbele.

"Umesikia?" mzee akauliza. "Kupanda utaweza. Kushuka ndo kucha zitang'oka."

Akaendelea na jaribio la pili. Beseni la maji, buti ndani, maji yakaishia chini ya ulimi wa kiatu, magazeti makavu yamejazwa kwa ndani. Wakaziacha muda wa kuivisha wali. Walipotoa gazeti la mbele, lilikuwa limelowa pale kwenye mshono wa vidole. Kumbe boksi liliandikwa kwamba buti "zinastahimili" maji. Kustahimili siyo kuzuia. Kiatu kinachostahimili maji kinavumilia manyunyu kwa muda. Kiatu kisichopitisha maji kina ngozi nyingine ya ndani iliyoshonwa kama soksi kuzunguka mguu wote.

Jaribio la tatu lilikuwa la kuchekesha. Mzee akamtuma duka la nafaka jirani, wakaazima mizani. Buti nyeupe: kilo 1.9 kwa jozi.

"Nzito," akasema mzee, akarudi kwenye kazi yake.

Uzito wa mguuni siyo uzito wa begi

Watu wanadhani nusu kilo ni kitu kidogo. Kwenye begi ni kidogo. Mguuni ni habari nyingine, maana begi unalibeba mara moja ila mguu unaunyanyua kila hatua. Piga hesabu. Buti nyepesi nzuri ya mlima ina kama kilo 1.1 kwa jozi. Tofauti na zile nyeupe ni gramu 800, yaani gramu 400 kila mguu. Ukipiga hatua 10,000 kwa siku umenyanyua kilo 4,000 za ziada. Tani nne! Magunia 40 ya kilo mia mia, na hapo hujala chakula cha jioni.

Lakini nyepesi kupita kiasi nayo ni mtego. Raba ya kukimbilia ni nyepesi sana, ila soli yake laini inakufanya uhisi kila jiwe, na kifundo cha mguu hakina wa kukishika. Ndiyo maana kuchagua buti za mlima ni mapatano: nyepesi usichoke, ngumu usiumie, isipitishe maji, na bado mguu upumue.

Mlima mmoja, barabara nne

Kwa asiyejua, njia ya Machame haina ardhi ya aina moja. Siku ya kwanza ni msitu wa mvua, matope na mizizi inayoteleza. Siku ya pili msitu unaisha, unaingia kwenye vichaka na mawe. Ya tatu unapita Lava Tower, juu ya mita 4,600, jangwa la mawe na upepo, halafu unashuka Barranco. Asubuhi yake kuna ukuta wa Barranco, pale unatumia na mikono. Usiku wa kilele ni changarawe za volkano zilizoganda kwa baridi, na juu kabisa kunaweza kuwa na theluji na barafu. Ukimaliza unashuka kwa njia ya Mweka, magoti yanalia, na chini unakutana na matope tena.

Mwezi Desemba ndo hivyo tena, mvua za vuli huwa bado hazijaaga. Buti moja lazima ijibu maswali yote hayo. Na juu kule ukilowa, usitegemee kukauka. Usiku ni baridi, jua likitoka mnaondoka. Vidole vyenye maji kwenye baridi ya kuganda ndo mwanzo wa matatizo makubwa.

Mdada aliuliza swali ambalo wengi wangeuliza: kwa nini asivae tu mabuti ya mvua ya shambani? Maji hayaingii hata tone. Mjomba akacheka. "Na jasho litatokea wapi?" Ni kweli. Mguu unatoa jasho jingi, na ndani ya mpira jasho linabaki humo humo. Unalowa kutoka ndani badala ya nje.

Tatizo hilo lilipata dawa mwaka 1969, Mmarekani aitwaye Bob Gore alipovuta kwa nguvu plastiki moja ngumu na kukuta imetanuka na kujaa vitundu vidogo ajabu. Tone la maji halipiti, ila mvuke wa jasho unapita. Hapo ndo ikazaliwa Gore-Tex, na leo makampuni mengi yana utando wa aina hiyo wa kwao. Ila utando siyo uchawi. Maji yakiingia juu, pale mguu unapoingilia, hayatoki. Nje ya kiatu ikijaa tope, mvuke unakosa njia. Na kwenye joto la Ruangwa kiatu cha hivyo ni jiko la mkaa, mdada amelithibitisha mwenyewe.

Soli nayo ina historia yake, na ni ya huzuni. Mwaka 1935 wapanda milima sita wa Italia walikufa kwenye milima ya Alps, na viatu vyao visivyofaa vilichangia. Mwenzao Vitale Bramani akatafuta suluhisho, na mwaka 1937 akaja na soli ya mpira yenye meno makubwa. Kile kibandiko cha njano cha Vibram unachokiona chini ya buti nyingi ni jina lake limekatwa: Vitale Bramani.

Simu ya usiku

Usiku ule jamaa akapiga.

"Baby, mbona hujaposti?"

"Zinanibana. Na zinapitisha maji."

"Si utazivaa tu kwa video? Mlimani uvae zozote."

"Nikizivaa kwenye video, watu watanunua wapande nazo."

Hapo ndo ukweli ukatoka. Buti hakuzinunua. Duka lilimpa bure kwa makubaliano ya matangazo, namba akakisia. Jamaa si mtu mbaya, kwa maelezo ya mdada mwenyewe. Alikuwa na dili lake, akaogopa kulipoteza. Lakini mdada naye alikuwa na mabati ya mama kwenye ule mlima. Asubuhi boksi likarudi Dar na basi lile lile. Shemeji akaacha kumfuata kwenye mtandao. Wambea wakaona ndani ya dakika kumi.

Karume na voisi za mjomba

Bajeti ya buti ilibaki shilingi 100,000. Akatangulia Dar na kwenda Karume, simu mkononi, mjomba anamtumia voisi.

Maelekezo ya mzee yalikuwa hivi. Kunja kiatu: kikunjike pale vidole vinapoanzia, siyo katikati kama kandambili. Kisokote kama unakamua nguo: kikisokoteka kirahisi, achana nacho. Ingiza mkono kisiginoni: kitambaa cha ndani kikiwa na tundu, utando nao umeshatoboka. Angalia meno ya soli. Halafu lile kubwa kuliko yote: "Bonyeza soli ya kati na ukucha, mwanangu. Usidanganywe na upya."

Akakuta buti za ngozi, za jina kubwa, hazina hata mkwaruzo, 120,000. Muuzaji anaapa. Akabonyeza. Ukucha ukazama, unga unga ukadondoka.

Hii wengi hawaijui. Ile sponji ngumu iliyoko kati ya kiatu na soli, kwenye buti nyingi ni poliyurethani, na poliyurethani inaliwa na unyevu wa hewa taratibu. Kiatu kikikaa kabatini Ulaya miaka kumi bila kuvaliwa, nje kitang'aa na ndani kimeoza. Kinaweza kukubali ukikijaribu dukani, kikakukatikia ukishaanza kutembea. Kwa hiyo mtumba wenye mikwaruzo ya jana unaweza kuwa salama kuliko mtumba "mpya" wa zamani. Buti nyingi zina kilebo chini ya ulimi chenye tarehe ya kutengenezwa. Kisome.

Alizipata za kijivu kwenye kibanda cha sita. Namba 40, zinashika kifundo, kitambaa kigumu na mpira mbele ya vidole, utando haujatoboka, soli ngumu. Bei ya kuanzia 150,000. Wakavutana mpaka 85,000. Usiku, nyumbani kwa shangazi yake, beseni likatoka tena. Magazeti makavu. Akapiga picha, akaweka ile posti.

Wiki moja iliyobaki alizivaa kila siku, na begi lenye kilo kumi za mchele mgongoni, ngazi juu ngazi chini. Majirani wakamwona kichaa. Ila mahali palipotaka kumchubua akapajua mapema, akapaweka plasta kabla ya mlima haujamfundisha.

Siku ya tatu mlimani

Kwenye kundi kulikuwa na jamaa mmoja mcheshi, buti zake za ngozi zinang'aa, za mtumba, za jina kubwa. Kabla ya Lava Tower soli ya kulia ikafunguka mdomo kama mamba. Saa moja baadaye ya kushoto ikafuata. Kiongozi wa msafara akazifunga kwa kamba na gundi ya karatasi, akamvusha hivyo hivyo mpaka Barranco. Wapagazi wakamtafutia za kuazima, zinambana, akaendelea. Kilele hakukiona.

Hao wapagazi nao wanastahili aya yao. Sheria inaruhusu mzigo usiozidi kilo 20, na wapo wanaoupandisha na raba zilizoisha meno. Pale Moshi kuna mradi wa kuwasaidia, KPAP, unaowaazima viatu na nguo za baridi bila malipo. Mwenye buti nzima asizozihitaji baada ya mlima, ajue zina kazi.

Mwaka 1961, Desemba 9, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge juu kule, na kila mwaka Watanzania wanapanda kuikumbuka siku ile. Mdada alibeba jezi ya Namungo FC, alishawaahidi washikaji wa Ruangwa kuipigia picha Uhuru Peak.

Haikuwa hivyo. Usiku wa kilele miguu ilikuwa mikavu na ya moto, ila kichwa kilikataa. Akatapika mara mbili. Alipofika Stella Point, mita 5,756, kiongozi akamtazama macho, akamuuliza jina lake na siku ya leo, akasema, "Dada, hapa panatosha. Tunashuka." Zilibaki mita 139 za kupanda. Akalia. Jezi akaipigia picha pale pale, na akasema wazi kwenye posti kwamba siyo Uhuru.

Wapo waliokomenti "amefeli". Lakini ugonjwa wa kimo hauchagui buti, na buti haziwezi kuutibu. Kazi ya buti ni nyingine, na zile za 85,000 ziliifanya: alishuka kutoka Stella mpaka geti la Mweka kwa miguu yake, kucha kumi zikiwa mahali pake. Mama alipompigia akiwa Moshi, swali la kwanza likawa, "Viatu?" Akajibu, "Viatu vizima mama. Kichwa ndo kilikataa." Mama akacheka mpaka simu ikakatika.

Kwa anayejiandaa

Kwa kifupi: jaribu jioni, na soksi nene za sufu, siyo pamba. Acha nafasi ya dole gumba mbele, na ushuke mteremko kabla hujalipa. Pima kwenye mizani. Tumbukiza kwenye beseni. Bonyeza soli ya kati. Zizoeshe mguu kabla ya safari. Kata kucha. Na tafuta vile vifuniko vya kufunga kutoka kwenye buti mpaka karibu na goti, vinazuia changarawe na theluji kuingia juu. Jina lake linasikika kama mkoa wa Geita, ukiuliza Moshi watakuelewa.

Na habari za mjini? Mabati ya mama yameanza kununuliwa, 20 yapo tayari, bado 12. Shemeji amerudi kumfuata kimya kimya. Inasemekana alituma meseji moja tu: "Hivi unavaa namba ngapi?" Akajibiwa: "40. Ila uliza jioni."

Wamerudiana au hawajarudiana, hilo wanalijua wao. Wewe je, shemeji akikuletea zawadi isiyokutosha, unavaa kumridhisha au unarudisha? Komenti ziko wazi hapo chini.